Sarafu moja ya Afrika Mashariki: Tanzania isiingie 2031, na tuseme waziwazi

(Maneno haya niliyasema mbele ya vikundi vya wafanyabiashara wadogo wanaovusha mizigo mpakani, hapa Arusha. Nimeyaandika kama yalivyotoka, nimepunguza tu pale nilipojirudia.)

Wazee wangu shikamooni. Mama zangu, dada zangu, habari za tangu asubuhi, na nyie vijana mliosimama huko nyuma mambo vipi. Mwenyekiti kanipa nusu saa na kanionya mbele za watu kabisa, kasema mwalimu usituletee darasa hapa, watu wameacha biashara zao. Nimekubali, ila hela ni hela jamani, kuna sehemu namba zitakuja tu, mnivumilie.

Naanza na msimamo wangu ili mwenye haraka aondoke akiwa keshaujua. Jumuiya ya Afrika Mashariki mimi naiunga mkono, tena sana, na sio kwa sababu makao makuu yako hapa mjini kwetu na wageni wanalala kwenye hoteli zetu, naiunga mkono kwa sababu mzigo ukipita Namanga bila usumbufu kuna ada za watoto zinalipwa, na wengi wa watoto hao wazazi wao wamekaa humu ndani. Ila hii sarafu moja, ambayo kwanza walisema 2024, ikashindikana, sasa wanasema 2031, mimi nasema Tanzania isiingie. Sisemi isiingie milele, nasema isiingie kwa tarehe hiyo na kwa mpango ulivyo. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba kila kikao tunaitikia ndio, ndio, halafu tukirudi nyumbani hakuna anayejiandaa. Bora hapana yenye sababu kuliko ndio ya kupigia picha ya pamoja.

Sasa niwape haki yao kwanza wanaoitaka, manake hoja yao sio ya kijinga. Mnunuzi anatoka Nairobi na shilingi za Kenya anataka vitunguu. Wewe unampa vitunguu, unapokea za Kenya, unaenda kubadilisha. Tuseme mbadilishaji ananunua ya Kenya kwa 19 na anauza kwa 20. Una laki moja ya Kenya, unapata milioni moja na laki tisa za kwetu. Ukikumbuka kwamba ulitakiwa ununue sabuni upande wa pili, unarudi palepale, milioni moja na laki tisa gawanya kwa 20, unapewa 95,000. Elfu tano ya Kenya imeyeyuka na hujanunua hata kiberiti. Hiyo ni asilimia tano, na kuna mama humu faida yake kwa gunia haifiki hapo. Sarafu moja inaifuta hiyo hasara kabisa, hakuna ubishi. Na bei inakuwa wazi, unajua mchele wa Kampala na wa Dar upi una nafuu bila kupiga hesabu kichwani. Mtu asikudanganye kwamba faida haipo. Ipo, mimi naulizia gharama yake tu, na nani atailipa.

Halafu tusiongee kana kwamba ni kitu kipya. Tulikuwa nayo! Waingereza walianzisha Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki 1919, shilingi yenyewe ikaja 1921, Zanzibar wakaacha rupia yao wakaingia 1936. Shilingi ileile ilinunua sukari Kampala, Mombasa na Tabora. Makao ya bodi yalikuwa London, yakahamia Nairobi 1960. Na ilikuwa imara kwelikweli, shilingi 20 kwa pauni moja mwaka hadi mwaka, wazee wangu hapa mbele naona mnatikisa kichwa. Lakini imara yake ilitoka wapi? Kwa miaka mingi bodi ilikuwa haitoi shilingi mpya mpaka kuwe na pauni imekaa kule Uingereza, basi, haikuwa benki kuu, haikuwa na kazi ya kuangalia kama mkulima wa pamba Mwanza kakosa mkopo msimu huu. Ndo maana tulipopata uhuru, kila serikali ikataka chombo chake. Wakakubaliana 1965 kuachana, na tarehe 14 Juni 1966 Benki Kuu ya Tanzania ikafunguliwa, gavana wa kwanza mzee Edwin Mtei.

Wakati huo shilingi moja ya Tanzania ilikuwa sawa na moja ya Kenya na moja ya Uganda. Leo ya Kenya moja unaipata kwa kama 20 zetu, na Waganda wenyewe walishafika mahali 1987 wakafuta sifuri mbili kwenye hela yao ndo wakaanza upya. Kwahiyo mtu anakuja na hesabu hiyo ananiambia mwalimu unaona, tulipoachana tukaporomoka. Nusu yake ni kweli. Kuwa na sarafu yako sio kinga ya maamuzi mabaya, tulichapisha, tulipanga bei ya dola kwa amri, maduka yakawa matupu, mnakumbuka miaka ya themanini sabuni ilikuwa inapangiwa foleni. Huyo huyo mzee Mtei ndo mfano mzuri, manake kaona pande zote: kaanzisha benki kuu yetu, 1974 akaenda kuwa Katibu Mkuu wa Jumuiya ile ya zamani, ikavunjika 1977 yeye akiwa hapo hapo, akarudi kuwa Waziri wa Fedha, na 1979 akaachia ngazi kwa sababu yeye na Rais, Mwalimu Nyerere, hawakuelewana kuhusu masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, na kushusha thamani ya shilingi ilikuwa mojawapo. Yaani mtu mmoja maisha yake yote ya kazi ni ugomvi huu huu tunaouongea leo.

Kuna kitu watu wanakiruka hapo. Jumuiya ya kwanza ilianzishwa 1967, mwaka mmoja BAADA ya kila mtu kuwa na shilingi yake. Reli, bandari, posta, ndege, vyote vya pamoja, hela mbalimbali. Na ilipokufa 1977 haikufa kwa sababu ya hela, ilikufa kwa siasa na kugombea nani anafaidi zaidi, mpaka wa Kenya ukafungwa hadi 1983, mali zikagawanywa kwa makubaliano ya 1984 yaliyosainiwa hapa hapa Arusha. Kwahiyo anayesema bila sarafu moja hakuna Jumuiya ajue hivo ni vitu viwili tofauti, tushawahi kuwa na kimoja bila kingine, kwa mpangilio wowote unaoutaka.

Haya, sasa tuje kwenye kiini chenyewe, hapa mnipe masikio.

Mwezi Februari 2024 Benki Kuu ya Kenya ilipandisha riba yake mpaka asilimia 13. Kwanini? Shilingi ya Kenya ilikuwa imeshuka mpaka kama 160 kwa dola, kulikuwa na deni la dola bilioni mbili la kulipwa Juni mwaka huo, watu wana wasiwasi, dola zinakimbia. Wakapandisha riba, na shilingi yao kweli ikarudi, ikaja ikatulia kwenye 129 hivi. Mwezi huohuo riba ya Benki Kuu yetu ilikuwa asilimia 5.5. Tano na nusu! Sisi tulikuwa na shida yetu ya dola lakini mfumuko wa bei ulikuwa chini, hatukuwa na sababu ya kumbana mkopaji kiasi hicho.

Sasa niambieni, kama siku ile tungekuwa na sarafu moja, riba ingekuwa ngapi? Riba ni moja tu, haiwezekani Namanga huku ni tano na nusu ukivuka barabara ni kumi na tatu wakati noti ni ileile, hela yote ingevuka barabara. Kwahiyo ama mama wa Ngaramtoni mwenye mkopo wa cherehani analipa riba ya tatizo la hazina ya Nairobi, ama Mkenya anaachwa shilingi yake iendelee kuanguka na bei ya unga ipande. Wakiweka katikati, tuseme tisa, wote wawili wameumia na hakuna aliyepona. Hiyo ndo gharama. Haionekani kwenye kaunta ya kubadilisha hela, ndo maana watu hawaiongelei.

Na tofauti zetu sio za bahati mbaya ya mwaka mmoja. Sisi tunauza dhahabu, korosho, na watalii wanaokuja Serengeti na Zanzibar. Kenya chai na maua. Uganda kahawa, na siku hizi dhahabu. Sudan Kusini ni mafuta karibu tupu. Mafuta yakipanda bei duniani Juba wanafurahi sisi tunalia, dhahabu ikipanda sisi tunafurahi Mkenya haimhusu sana. Ukiwa na shilingi yako, inashuka au inapanda na kukupunguzia kishindo, kama 2024 yetu iliposhuka ikapita 2,700 kwa dola, waagizaji waliumia, najua, wapo humu, lakini mwenye hoteli na mwenye kahawa walipata shilingi nyingi zaidi kwa dola ileile, na baadaye ikapanda tena. Ukishaunganisha, hiyo nafasi hamna. Marekebisho yanakuja kwa njia nyingine ambayo ni kupunguza mishahara na kufukuza watu kazi.

Ugiriki ndo walijifunza hivyo. Waliingia kwenye euro 2001. Mwaka 2009 ikagundulika takwimu zao za bajeti hazikuwa za kweli, nakisi, yaani pengo la matumizi kuzidi mapato, ilikuwa kubwa kuliko walivyokuwa wanatangaza. Wakopeshaji wakakimbia. Wangekuwa na drakma, hela yao ya zamani, ingeshuka, watalii wangejaa, wangeumia kidogo wakaendelea. Hawakuwa nayo. Kufika 2013 zaidi ya robo ya watu wanaotafuta kazi hawana kazi, na Julai 2015 mtu mwenye hela zake benki alikuwa anaruhusiwa kutoa euro 60 kwa siku. Hela zake mwenyewe! Na hao waliokolewa, walipewa mikopo ya karibu euro bilioni 290 kwa awamu tatu, na wenzao wenye uwezo, huku wananchi wa Ujerumani wakinung'unika.

Nani atatuokoa sisi? Hapa ndo naombeni tufanye hesabu. Bajeti ya Jumuiya nzima, sekretarieti, bunge, mahakama, vyote, ni kama dola milioni 100 na kidogo kwa mwaka. Ni kama shilingi bilioni 250 hivi, nchi nane. Bajeti ya serikali yetu peke yetu mwaka 2025/26 ni zaidi ya trilioni 56. Yaani mfuko wa pamoja wa nchi zote nane haufiki hata nusu ya asilimia moja ya bajeti ya nchi moja, na hata huo nchi wanachama wanachelewa kuuchangia, kila mwaka utasikia wabunge wa Afrika Mashariki wanalalamika vikao vimeahirishwa hela hakuna. Nyie ni watu wa vikoba, mnajua kikoba kisicho na mfuko wa jamii kinakuaje. Mkikopeshana kila kitu kinakwenda vizuri mpaka siku mwenzenu kafiwa, hapo ndo mnajua kama nyie ni kikundi au ni watu mnaofahamiana tu. Sasa tunataka kufunga sarafu na watu ambao ada ya uanachama inawashinda kulipa.

(Hapa mzee mmoja akasema kwa sauti: na sisi tunalipa? Watu wakacheka. Nikamjibu mzee, sisi tumekuwa tukilipa vizuri kuliko wengi, lakini hatuwezi kuwa walipaji wa wote.)

Mkataba wa sarafu moja wenyewe ulisainiwa Kampala tarehe 30 Novemba 2013. Una vigezo, na niseme ukweli vigezo ni vizuri: mfumuko wa bei usizidi asilimia 8, nakisi ya bajeti ukihesabu na misaada isizidi asilimia 3 ya pato la taifa, deni la umma lisizidi asilimia 50 ya pato kwa thamani ya leo, na akiba ya fedha za kigeni itoshe kuagiza bidhaa miezi minne na nusu. Nchi ivitimize kwa miaka mitatu mfululizo ndo iingie. Tanzania kwa kweli hatuko vibaya kwenye hivyo, tukibanwa kwenye nakisi tunazungukazunguka hapo hapo. Kenya deni limepita asilimia 60. Lakini ona nani alisaini 2013: Burundi, Kenya, Rwanda, Tanzania, Uganda. Watano. Leo tuko wanane. Sudan Kusini iliingia 2016, na mwaka huohuo mfumuko wao wa bei ulipita asilimia 800. Congo ikaingia 2022, nchi kubwa, soko kubwa, na ndugu zetu kabisa wale wa mashariki, lakini akiba nyingi kwenye benki zao iko kwa dola. Somalia ikamalizia 2024, huko serikali haijachapisha noti zake tangu 1991, watu wanalipana dola kwa simu. Burundi faranga ina bei mbili, ya benki na ya mtaani, na hazifanani hata kidogo, wanaovuka Kabanga wananielewa. Mpango ulioandikwa kwa ajili ya watano unawezaje kuvaliwa na wanane bila kukatwa upya?

Na kuna la Congo na Rwanda ambalo watu kwenye vikao wanaliongea kwa kunong'ona. Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Goma, mashariki ya Congo, mwezi uliofuata Bukavu, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wamesema zaidi ya mara moja kwamba Rwanda inawaunga mkono, Rwanda inakana. Benki za Goma zikafungwa. Watu wana hela kwenye akaunti hawawezi kuzitoa, noti zikaadimika mpaka wafanyabiashara wanatafuta pesa ya kulipana. Ndugu zangu, hao wawili ndo wakae meza moja ya benki kuu moja, wapange riba moja, waaminiane takwimu? Kwa mwaka 2031? Mimi nawapenda wote wawili na nina wanafunzi kutoka pande zote mbili, lakini hapana.

Kuhusu kuaminiana takwimu, mkataba unataka kuwe na Taasisi ya Fedha ya Afrika Mashariki ya kuandaa benki kuu ya pamoja, kuwe na chombo cha takwimu, na chombo cha kusimamia anayevunja sheria. Hivi vilitakiwa viwe vimeanza miaka mingi iliyopita. Bila mkaguzi mwenye meno tutarudia ya Ugiriki na sisi hatuna Mjerumani.

Tena sisi Watanzania tuna somo lingine liko ndani ya nyumba ila hatupendi kulisema mbele ya wageni. Muungano wetu wa 1964 ni muungano wa sarafu pia. Fedha na benki kuu viliongezwa kwenye mambo ya Muungano 1965, na mpaka leo, miaka sitini, Wazanzibari wanauliza hisa zao zilizokuwa kwenye ile bodi ya zamani zilikwenda wapi, na hii asilimia 4.5 wanayopewa kwenye faida ya Benki Kuu inatosha au haitoshi. Hapo ni nchi mbili, lugha moja, rais mmoja wa Muungano, na bado hesabu haijafungwa. Nane je?

Sasa shirikisho. Manake mkataba wa Jumuiya wenyewe unasema safari ni hatua nne: umoja wa forodha, soko la pamoja, umoja wa sarafu, mwisho shirikisho la kisiasa. Mwalimu Nyerere 1960 alikuwa tayari hata uhuru wa Tanganyika ucheleweshwe ili tuingie kwenye uhuru pamoja na Kenya na Uganda tukiwa shirikisho, na Juni 1963 yeye, Kenyatta na Obote walitangaza Nairobi kwamba shirikisho litakuwa mwaka huohuo. Halikuwa. Mimi kwa kichwa changu naona Mwalimu alikuwa sahihi kwenye mpangilio: siasa kwanza, hela baadae. Dola ya Marekani inashikilia majimbo 50 kwa sababu kuna serikali moja inayokusanya kodi California na kulipa pensheni za watu Mississippi bila kuombana. Sisi tumeweka hela hatua ya tatu na serikali hatua ya nne, yaani tunataka kitu kigumu kisimame peke yake miaka mingi kikisubiri kile kinachokibeba. Wazungu walifanya hivyohivyo na wao ni matajiri, na bado kidogo kiwaangukie.

Mtu atasema basi twende moja kwa moja kwenye shirikisho. Wananchi wa hapa kwetu walishaulizwa na tume, wengi walikataa kuharakisha, na hofu kubwa ilikuwa ardhi. Ardhi hata kwenye soko la pamoja imeachwa chini ya sheria za kila nchi. Na 2013 Kenya, Uganda na Rwanda walipoanza kufanya vikao vyao bila sisi, mnakumbuka Rais Kikwete alisimama bungeni akasema hatutoki Jumuiya. Alisema vizuri. Hatutoki, ila hatukimbizwi.

Sasa tuongee yenu, manake naona saa. Nikiwauliza hapa nini kinawala zaidi, ile elfu tano ya kubadilisha au zile siku lori limekaa mpakani? (Wakajibu kwa pamoja: lori!) Eeh. Machi 2021 Kenya wakasema mahindi ya Tanzania na Uganda yana sumu kuvu, wakayazuia, malori yakapanga foleni Namanga, baada ya siku chache wakalegeza na masharti juu. Lakini tusijifanye watakatifu, 2017 hapohapo Namanga maafisa wetu walichoma moto vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya. Januari 2024 tukatangaza kuzuia ndege za Kenya Airways kuja Dar, yakaisha kesho yake baada ya simu kupigwa. Julai 2025 tukatoa amri ya biashara 15 ambazo asiye raia haruhusiwi kufanya, uwakala wa pesa za simu, saluni, kutengeneza simu, na Wakenya wakalalamika kwamba soko la pamoja la 2010 lilisema vingine. Niliwasikia watu humu wakishangilia ile amri, sawa, mna sababu zenu, lakini huwezi kushangilia hiyo asubuhi na jioni ukataka noti moja na yuleyule uliyemfungia saluni. Soko la pamoja hatujalimaliza. Hatua ya pili iko nusu, tunaongea ya tatu.

Ninachotaka mimi ni kidogo na kinawezekana kabla ya 2031. Kuna mfumo wa malipo wa Afrika Mashariki kati ya benki kuu, upo zaidi ya miaka kumi, unamruhusu mtu Kenya alipe kwa benki na mwenzake huku apokee kwa shilingi bila kupitia dola. Wangapi humu wameshautumia? (Mikono haikuinuka hata mmoja.) Ndo hivyo. Na pesa za simu kuvuka mpaka kati yetu na Kenya zimekuwepo tangu 2015, lakini makato yake mnayajua. Serikali zikikaa zikabana makato ya kuvusha na pengo la kununua na kuuza, ile elfu tano inabaki mia tano, na riba yetu inabaki yetu. Faida kubwa ya sarafu moja unaipata, gharama kubwa unaikwepa. Haina bendera wala wimbo, ndo maana viongozi hawaipendi sana.

Maswali yalikuwa mengi, naweka mawili.

Kijana mmoja akauliza: mkataba unasema nchi tatu zikitimiza vigezo zinaweza kuanza, sasa wakianza Kenya, Uganda na Rwanda sisi si tutaachwa? Nikamwambia mdogo wangu, kuachwa na basi linalokwenda usikokwenda sio kuachwa. Halafu angalia Sweden. Walipojiunga na Umoja wa Ulaya waliahidi kuingia kwenye euro, 2003 wakapiga kura ya maoni, karibu asilimia 56 wakakataa, na mpaka leo wako ndani ya umoja, wanauza magari yao Ujerumani kama kawaida na krona yao mfukoni. Denmark nao walikataa 2000. Hakuna aliyewafukuza. Tena wao waliulizwa kwa kura, sisi nani katuuliza? Upande mwingine kuna wale wa faranga ya CFA, hela wanayotumia pamoja nchi nyingi za Afrika Magharibi na ya Kati, Januari 1994 viongozi walikutana Dakar, wakatoka na tangazo kwamba faranga ya Ufaransa iliyokuwa CFA 50 sasa ni 100, nchi zaidi ya kumi kwa siku moja, dawa na mchele wa nje bei juu mara mbili. Mama aliyelala na akiba yake Abidjan aliamka na nusu. Hao nao walikuwa wameingia na hawakuweza kukataa peke yao.

La mwisho aliuliza mama mmoja wa kikundi cha dagaa, na hili ndo swali zuri kuliko yote: mwalimu, mimi nina mkopo wa miaka mitatu, hiyo hela mpya ikija na mimi bado nadaiwa inakuaje? Inakua hivi mama. Inatangazwa bei moja ya kubadilishia ambayo haibadiliki tena, kama Wagiriki walivyopewa drakma 340.75 kwa euro moja, na kila kitu kinabadilishwa kwa bei hiyohiyo, mkopo wako, akiba yako, mshahara wa mumeo, kodi ya fremu. Deni halipungui wala haliongezeki kwa siku hiyo. Kinachobadilika ni riba ya mikopo itakayokuja, ambayo haitapangwa Dar tena, na kama ile bei ya kubadilishia waliipanga vibaya, wakaifanya shilingi yetu ghali kuliko uhalisia, dagaa wako watakuwa ghali Nairobi na hutakuwa na namna ya kuwashusha zaidi ya kupunguza faida yako. Kwahiyo siku wakianza kuongelea hiyo namba usilale. Na kama mkopo wako ni wa dola hilo ni jambo lingine kabisa, nisubiri hapo nje tuongee.